Artavan Mbeba Majina na Neno Lililobaki

Siku ya Alhamisi, katika juma lililofuata sikukuu ya kubariki zabibu, saa tatu ya asubuhi, jua likiwa limeshauvuka ukingo wa mlima na umande ukiwa haujakauka kwenye majani ya mialoni, mwanamke mmoja aitwaye Sahakanush aliondoa kitambaa kinywani mwake mbele ya liwali, mbele ya wagomvi wake na mbele ya watu wake, akasema. Tangu saa hiyo bonde la Kaghnut lina wenyewe, na wanaoandika habari za waliotangulia wana sheria. Lakini mti huanza na mizizi, nasi tuanze na mizizi.

Katika enzi za mababu wa mababu, Armenia ilikuwa nchi ya milima iliyobanwa katikati ya wafalme wawili, mmoja wa macheo na mmoja wa machweo, nao wakiivuta huku na huku kama watu wawili wanaogombea joho moja. Herufi za lugha yao zilikuwa changa bado. Walikuwapo wazee waliokuwa wamezaliwa kabla yazo, nao wakiziona zimepangwa juu ya ngozi ya ndama walizitazama kwa staha na wasiwasi, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyepewa kulala chumba cha ndani. Kabla ya herufi hizo mtu akifa alihamia katika vinywa vya waliompenda, na hao walipokufa, naye alikufa mara ya pili.

Ndipo alipozaliwa Artavan mwana wa Tachat, mwana wa Hmayak, mwana wa Gor, wa ukoo wa wapasua mawe waliojenga kanisa la Kaghnut kwa mikono yao. Artavan Mabega ya Mlango, Artavan Ghala Lisilopata Panya, Artavan Mbeba Majina. Alikuwa mrefu hata ng'ombe walimpisha njiani. Jiwe walilolisukuma wanaume wanne yeye alilikumbatia, akalinong'oneza jambo, akaondoka nalo.

Jina lake kuu alilipata siku ardhi ilipotikisika wakati wa ibada, ikajitikisa kama mgongo wa farasi anayefukuza nzi. Ukuta wa kanisa ukapasuka, na jiwe lililolala juu ya mlango likaanza kushuka. Artavan, ambaye ndevu zake ndiyo kwanza zilikuwa zinaota, akaingia chini yake, akalipokea mabegani, akasimama. Watu wakapita wameinama chini ya kwapa lake, naye, badala ya kupiga yowe, akawa anataja jina la kila anayepita na jina la baba yake, polepole, kama padri anayegawa mkate. Walipodhani wamekwisha wakamwambia, "Liache sasa, utakufa." Akasema, "Bado Manushak binti Arsen." Wakatazamana. Manushak alikuwa kikongwe kiziwi ambaye hata wajukuu zake walikuwa wamemsahau, naye alikuwa amepiga magoti nyuma ya nguzo akiendelea na sala, asijue kwamba dunia imetikisika. Wakaingia, wakambeba, akawagombeza njia nzima kwa kumkatiza. Hapo ndipo Artavan alipojitoa, na jiwe likaanguka, na kanisa likaanguka juu ya jiwe, na ndani yake hapakuwa na mtu.

Padri Hamazasp, aliyekuwa amesoma mbali, alisema, "Kichwa kama hiki kisiishie kuhesabu mawe." Akamfundisha kusoma na kuandika. Kalamu ya unyasi katika vidole vile ilionekana kama jani mdomoni mwa fahali, lakini herufi zilizotoka zilikuwa zimenyooka kama zimechongwa, kwa sababu mkono wake haukujua namna nyingine ya kuandika isipokuwa kuchonga.

Artavan alikuwa na mdogo wake, Babik, kijana mwepesi wa mguu na mwepesi wa kucheka. Huyo ndiye aliyemwoa Sahakanush, binti wa wafuga nyuki wa ng'ambo ya mlima. Na desturi ya watu wale ilikuwa hii: bibi harusi akiingia nyumba ya mume hufunga kitambaa kinywani, wala hasemi na baba mkwe, wala na kaka mkubwa wa mumewe, mpaka mkubwa wa nyumba amletee zawadi na kumwambia kwa mdomo wake, "Sema, mwanangu." Mpaka siku hiyo huongea kwa kichwa na kwa mikono, isipokuwa kwa mumewe wakiwa peke yao, na kwa mama mkwe hunong'ona mambo ya jikoni tu. Kimya hicho hakikuwa adhabu. Kilikuwa heshima, na wengine walikiona kama pumziko.

Tachat alikuwa ameshakufa, kwa hiyo mkubwa wa nyumba alikuwa Artavan. Sahakanush alimpikia, alimfulia, alimwokea mkate mwembamba ukutani mwa tanuri la shimoni, na hakumwambia neno. Alipotaka kumuuliza kama ameshiba, aliinua nyusi, naye Artavan alijibu kwa kupangusa bakuli. Mama mkwe wake, Varazduhi, mwanamke mwenye ulimi uliochongoka, alikuwa akisema, "Nyumba yangu ina mmoja asiyeruhusiwa kusema na mmoja asiyejua kusema. Babik, mwanangu, ongea wewe, nisije nikaanza kujibizana na mbuzi."

Hawakumaliza mwaka. Wakati wa kuvuna shayiri wapanda farasi wa kaskazini wakashuka kwenye njia za mlima, watu wasio na mashamba, wanaovuna vya wengine. Babik na wenzake waliwekwa kulinda daraja la magogo, wakaambiwa, vumbi likionekana, kateni kamba magogo yaanguke mtoni. Vumbi likaonekana. Wale wenzake wakainua mashoka. Babik, aliyekuwa amesimama mbele ya wote, akageuka akakimbia. Na wengine walipomwona mwepesi wao amekimbia, mikono ikawalegea, kamba hazikukatwa zote, na farasi wakavuka. Wanaume wengi wa Kaghnut walikufa siku hiyo. Wanawake na watoto walipanda mapangoni, na farasi, kwa sababu ambayo hakuna aliyeijua, wakachelewa kwenye njia nyembamba iliyo kati ya daraja na kijiji, hata wanawake wakawahi. Mwili wa Babik ulikutwa katika njia hiyo hiyo, umekanyagwa kwato hata haikuwezekana kujua alikuwa ameelekea upande gani. Watu wakasema, alikimbia, wakamfikia.

Sahakanush alijifungua pangoni siku hiyo. Mtoto alikuwa wa kike, wakamwita Nvard.

Artavan aliwazika waliokufa kwa mikono yake, akachonga msalaba wa jiwe kwa ajili ya wote pamoja. Alipomaliza aliketi mbele yake siku nzima, na alipoinuka alikuwa na shauri. Alisema, "Jiwe litasema kwamba walikufa. Halitasema walikuwa nani." Akaanza safari yake kuu. Alizunguka bonde zima na mabonde ya jirani, mvua na theluji, akiuliza. Aliwauliza wachungaji mahali mipaka ya malisho ilipowekwa na nani aliyeiweka. Aliwauliza wakongwe nani alizaa nani. Aliwauliza walionusurika darajani nani alisimama wapi, nani alianguka wa kwanza, nani aliita mama yake. Manushak kiziwi alimwambia habari za miaka ya kale akizipigia kelele hata mbwa wakakimbia, naye aliziandika zote. Akachuna ngozi za ndama, akazilainisha, akachemsha wino wa mafundo ya mwaloni, akaandika Kitabu cha Kaghnut, tangu mtu wa kwanza aliyefyeka msitu ule hadi mtu wa mwisho aliyeanguka darajani.

Siku ya kuwakumbuka wafu kitabu kikasomwa katika kanisa lililokuwa limejengwa upya. Watu wakalia, wakatabasamu, wakagusana viwiko majina ya babu zao yalipotajwa. Sahakanush alisimama nyuma pamoja na wanawake, Nvard mgongoni. Akasikia sauti ya padri ikisoma: *Na Babik mwana wa Tachat, ndugu wa mwandishi, alipoona vumbi, akakimbia.* Hapakuwa na neno jingine. Sentensi iliyofuata ilikuwa ya mtu mwingine.

Alitoka. Akaenda hadi tanurini, akakanda unga ambao haukuhitajika, akauoka.

Jioni hiyo Varazduhi alimwendea mwanawe mkubwa. "Ungeweza kuandika alikufa. Si alikufa?"

"Mama, alikimbia. Wote wameniambia."

"Ni ndugu yako."

"Ndiyo maana," alisema Artavan. "Nimeandika aibu ya nyumba ya Arsen, na ya nyumba ya Gnel. Nikiruka ya kwetu, kitabu chote ni sifa."

"Unajua mwezi aliokufa mbuzi wa babu yake Gnel," alisema mama yake, "na hujui chumvi ya nyumba hii inakaa wapi." Akaenda kulala.

Maneno yale yalimwingia Artavan taratibu, kama maji yaingiavyo kwenye jiwe. Baada ya siku chache akakumbuka kwamba shemeji yake yumo katika kimya tangu harusi, na kwamba yeye, mkubwa wa nyumba, aliyezunguka nchi akiomba watu wote maneno, hajawahi kumpa ruhusa aliye mezani pake. Akaona haya. Akanunua kitambaa cha hariri na kifungo cha fedha, akavileta kwa mikono miwili, akasema kama inavyopasa, "Sema, mwanangu."

Sahakanush akapokea kwa mikono miwili. Akainama. Akakifunga kile kitambaa kipya kinywani, juu ya kile cha zamani, akarudi jikoni.

Basi tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kama kimya chake ni heshima au hasira, maana vyote viwili vilivaa kitambaa kimoja. Naye mwenyewe, akiwa peke yake, hakuwa na hakika. Alijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua. Ili kulisema ilimpasa aseme na jambo la pili, na hilo la pili lilikuwa limemkaa kooni kama mfupa. Kwa hiyo alisali na kuoka, na kumlea Nvard, na miaka ikapita. Haikuwa miaka mibaya. Nyuki walizaa, mtoto alikua mwepesi wa mguu na wa kucheka, na yule shemeji mkubwa kama ghala alimchongea wanasesere wa mawe ambao hakuna mtoto aliyeweza kuwanyanyua isipokuwa yeye.

Inasimuliwa pia jinsi Artavan alivyokiokoa kitabu wapanda farasi waliporudi. Alichonga tundu ndani ya tumbo la ule msalaba wa jiwe, akakitia humo, akafunika kwa kipande kilichokaa sawasawa hata unywele haukupita. Maadui wakapekua kila nyumba, na walipochoka wakaegemeza mikuki yao kwenye msalaba ule ule, wakakaa kivulini pake, wakala. Artavan alikuwa akiwatilia maji. Mmoja akamuuliza, "Mzee, nyinyi hamna kitu cha thamani hapa?" Akajibu, "Mmekiegemea." Wakacheka, wakamwona mjinga, wakaenda zao.

Kisha lilikuja jambo zito kuliko mikuki. Shavasp, bwana wa bonde la jirani, mtu tajiri wa kondoo na maneno, alikwenda kwa liwali wa mfalme wa macheo akadai kwamba Kaghnut ilikuwa ya babu zake, na kwamba watu wanaoishi humo ni wageni waliokaribishwa wakasahau kuondoka. Liwali huyo, Vehdin kwa jina, alikuwa askari mzee mwenye goti bovu, hakuwa mwovu, ila alitaka mambo yaishe. Akaagiza pande zote mbili zikutane Kaghnut, kwenye uwanja wa kupuria ngano, kila mmoja na ushahidi wake. Atakayeshindwa ataondoka kabla ya theluji, na mifugo yake, na wazee wake, na kuyaacha makaburi.

Ndiyo ile Alhamisi. Uwanja ulijaa tangu alfajiri. Sahakanush alikuja na Varazduhi na Nvard, wakakaa upande wa wanawake juu ya mabua. Shavasp alileta kitabu chake, chenye herufi za dhahabu na jalada la fedha, kikasomwa: babu zake wote walikuwa mashujaa, wote warefu, wote walikufa wakisali. Kisha Kitabu cha Kaghnut kikatolewa, kinanuka moshi na mawe. Mkalimani wa liwali, apate kujua mwandishi ni nani, akafungua ukurasa wa mwisho.

Hapo ndipo desturi ya watu wale ilipowageukia. Kwa maana kila mwandishi wa Armenia, amalizapo kitabu, huandika mwishoni ukumbusho wake, na humo hujishusha chini ya mavumbi ili msomaji amhurumie amwombee. Mkalimani akasoma: *Mimi Artavan, mwandishi mjinga, mpumbavu kati ya wapumbavu, nisiyejua kitu, ambaye dhambi zangu zimeushinda mchanga wa mto, niliandika haya. Wewe usomaye, niombee Baba Yetu moja.*

Liwali akainua kiganja. "Rudia hapo."

"Nisiyejua kitu."

"Kaandika nani?"

"Yeye mwenyewe, bwana."

"Alipigwa?"

"Hapana, bwana."

Liwali akamtazama Artavan kuanzia miguuni hadi kichwani, na ilikuwa safari ndefu. "Asiyejua kitu amejuaje mipaka ya bonde zima?"

Shavasp akapiga goti lake kwa furaha. "Bwana liwali, nimewalisha mashahidi wangu wiki nzima bure. Kumbe mtu ameshajihukumu mwenyewe."

Padri Hamazasp, ambaye sasa alitembelea fimbo, akainuka kwa shida. "Bwana, ndivyo tuandikavyo. Mimi, mwishoni mwa kitabu cha zaburi nilichonakili, nimejiita mbwa mfu."

"Wewe pia?"

"Sote, bwana."

"Basi nchi hii nzima haina shahidi," alisema liwali, na askari wake wakacheka. Kisha akainama mbele akilisugua goti lake. "Sikilizeni. Mimi sina ugomvi na unyenyekevu. Kuna kisu hapa. Kwangua mstari huo, andika badala yake: mimi Artavan, mtu mkweli. Nitakipokea kitabu."

Watu wote wakamtazama Artavan. Kisu kilikuwa kidogo. Mstari ulikuwa mfupi kuliko kidole chake.

"Bwana," alisema Artavan, "nikiandika kwamba mimi ni mwenye haki, nani ataniombea? Na nikikwangua mstari mmoja kwa ajili ya kushinda, utajuaje kwamba sikukwangua mingine?"

"Basi nionyeshe kitu kingine. Kila kitabu huisifu nyumba ya aliyekiandika. Nionyeshe mahali chako kisipofanya hivyo."

Sahakanush aliona mkono mkubwa ukifungua kitabu, ukipindua ngozi, ukisimama. Aliujua ukurasa ule bila kuusoma. Aliona kidole kikitua juu ya mstari. Kisha Artavan akainua macho, akayapeleka upande wa wanawake moja kwa moja, kwake na kwa Nvard aliyeketi magotini pa bibi yake, na pale walipokuwa Shavasp na watu wake wakingoja kusikia. Akakifunga kitabu taratibu.

"Sina la kuonyesha," alisema.

Minong'ono ikapita uwanjani kama upepo kwenye ngano. Shavasp akaanza kuinuka. Na Sahakanush, aliyekuwa ameishi miaka yote akiamini kwamba mtu yule aliipenda kweli kuliko alivyowapenda watu, aliona sasa anaitupa kweli, na bonde pamoja nayo, ili mtoto mmoja asisikie baba yake akiitwa mtoro mbele ya wageni. Kilichokuwa kimemkaa kooni kikasogea. Akasimama. Varazduhi akamshika vazi, akamwangalia usoni, akamwachia.

Akakifungua kitambaa cha hariri, na kile cha chini yake, akavikunja vyote viwili, akavishika mkononi.

"Shemeji," alisema, na sauti yake ilikuwa nzito kwa kukaa bila kutumiwa, "fungua pale pale. Wasomee."

Artavan hakusogea. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia sauti ile.

"Basi nitasema mimi. Bwana liwali, humo imeandikwa kwamba mume wangu, Babik, ndugu wa damu wa mwandishi, alipoona vumbi alikimbia. Kwa sababu yake daraja halikukatwa. Huyu mtu alimwandika ndugu yake mtoro, ikasomwa kanisani, mimi nikisikia. Nilimchukia. Lakini ni kweli. Alikimbia. Alikimbia mpaka mlangoni kwangu."

Watu wa nyuma wakasogea mbele wasikie, naye akaendelea.

"Nilikuwa na uchungu wa kuzaa. Alisema amekuja kunitazama. Nikamwambia, mtoto wa mtoro sitamzaa, rudi. Nilisema hivyo hivyo, sikumpa hata maji. Akanitazama, akacheka kidogo, alikuwa mtu wa kucheka. Akarudi. Alikwenda akielekea darajani na shoka mkononi, na farasi walikuwa wameshavuka. Mnajua wenyewe farasi walichelewa wapi. Nilipata kupanda pangoni. Wote tulipata kupanda." Akamgeukia Artavan. "Kitabu ni kweli. Kimebakiza neno moja."

Artavan Mabega ya Mlango, aliyelibeba kanisa asipige goti, alipiga goti pale juu ya mabua. "Shemeji, mbona sikulijua?"

"Hukuniuliza."

"Niliuliza mabonde yote."

"Najua," alisema Sahakanush. "Nilikuwa nakuokea mkate wa njiani."

Kuna mtu aliyecheka huku akilia, na watu husema alikuwa Varazduhi.

Liwali akamgeukia Shavasp. "Katika kitabu chako, bwana, hakuna aliyekimbia?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, tangu ukoo wetu uanze."

"Nimekuwa vitani tangu nikiwa kijana," alisema liwali, "na goti hili nililipata nikikimbia. Ukoo huo wako sijapata kukutana nao." Akainuka. "Kitabu kilichomchoma mwandishi wake, na aliyechomwa akasimama kukitetea, sikitafutii shahidi mwingine. Bonde ni lao. Nileteeni kitu cha kunywa."

Siku hiyo hiyo, watu wakitazama, Artavan alichovya kalamu, na pembeni mwa ukurasa, baada ya neno *akakimbia*, akaandika neno moja: *akarudi.* Sahakanush, ambaye hakujua kusoma, aliomba aonyeshwe lilipo. Akaligusa kwa kidole kabla wino haujakauka, na alama ya kidole chake ikabaki hapo, na wote walioandika nakala ya kitabu kile baadaye waliiandika na alama ile.

Tangu hapo ikawa sheria katika Kaghnut, ikashuka mabondeni na kuvuka milima, kwamba mwandishi wa habari za watu huanza na aibu ya nyumba yake kabla hajaifikia ya jirani. Na kabla ya kufunga kitabu huenda kwa yule aliyenyamaza, hukaa chini yake, na kuuliza. Walikuja wengi baada ya Artavan. Wa kwanza alikuwa Nvard binti Babik, aliyefundishwa herufi na baba yake mkubwa, na aliyemfundisha mama yake. Alikuja Tirots, aliyeandika akiwa mateka katika mahema ya wageni, juu ya mifupa ya kondoo. Alikuja Vahrich kipofu, aliyesema na wengine wakaandika. Kila mmoja alianza pale mwenzake alipoachia, na kila mmoja alijiita mjinga, na hakuna liwali aliyethubutu tena kuwapa kisu.

Artavan alizeeka vizuri. Nyumbani mwake hapakukosekana maneno; yeye na shemeji yake waliongea kama watu wanaolipana deni, mmoja akisimulia, mwingine akisahihisha. Alijifunza hata chumvi inakaa wapi. Mwaka mmoja, majani ya mialoni yakianguka, ikaja habari kwamba mchungaji mmoja mgeni amekufa juu mlimani na hakuna anayejua jina lake. Artavan akavaa joho lake la ngozi, akachukua fimbo na mkate. Sahakanush akamwambia, "Mzee, theluji inakuja." Akasema, "Hatakaa bila jina kwa sababu ya theluji." Akapanda. Theluji ikaja. Walimtafuta hadi theluji ilipoyeyuka, wakaikuta fimbo imesimamishwa wima juu ya kaburi jipya lililofunikwa mawe yaliyopangwa vizuri, na juu ya jiwe limechongwa jina la yule mchungaji na la baba yake. Namna alivyolipata, hakuna ajuaye. Yeye mwenyewe hakuwapo, wala hai, wala maiti.

Nvard akafungua kitabu, akaandika: *Na Artavan mwana wa Tachat akapanda mlimani kutafuta jina.* Watu wakabishana. Wengine walisema andika, akafa. Wengine walisema, hakurudi. Wakamwendea Sahakanush, aliyekuwa kikongwe, ameketi karibu na tanuri. Akasema, "Msiandike lolote. Acheni nafasi ya neno moja. Siku moja atakuja anayejua."

Nafasi hiyo iko wazi hata leo, na kila mwandishi wa nchi ile, amalizapo kitabu chake, huacha mwishoni nafasi ya upana wa neno moja, kwa ajili ya yule ambaye hakuulizwa.

Ee Bwana, wewe ambaye hakuna jina linalokupotea, mkumbuke mtumishi wako Artavan, mjinga aliyebeba majina ya wote. Mkumbuke Babik, ambaye alikimbia, akarudi. Mkumbuke Sahakanush aliyemrudisha, na usimhesabie ukali wa mlangoni. Na wale wetu waliopanda mbele yetu, ambao vitanda vyao vi baridi na sauti zao bado zimo nyumbani, uwapokee, uwape kupumzika. Na penye nafasi tuliyoiacha wazi, uandike wewe neno linalopasa. Amina.